Karakana ya Nyumbani Kulamawe: Ianze kwa Mpango, Imalizike kwa Usafi

Lori linapokatika springi kati ya Isiolo na Modogashe, dereva huwa na swali moja: fundi wa karibu yuko wapi? Kulamawe, katika Kaunti Ndogo ya Garbatulla, imekaa kwenye barabara hiyo hiyo inayoendelea hadi Wajir na Mandera. Kadri sehemu za barabara zinavyowekwa lami, magari yanaongezeka, na kazi ya ufundi inaongezeka nayo. Vijana wengi wenye ujuzi wanaanzia nyumbani, chini ya mti au kando ya ua, wakiwa na jeki moja, sanduku la spana na turubai.

Kuanza hivyo si aibu. Jina lenyewe la jua kali lilitokana na mafundi waliofanya kazi bila paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na baada ya hapo serikali ikaanza kuwajengea mafundi vibanda vya kivuli. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi, iliyounda mamlaka ya MSEA kushughulikia sekta hii. Tangu wakati huo ombi la fundi halijabadilika sana: kivuli, sakafu na mahali pa kufungia vifaa.

Somo la toleo hili ni kwa mkazi aliyeweka akiba na sasa anataka kujenga karakana kubwa katika ploti yake. Jambo kuu la kushika ni kwamba usafi wa karakana hauletwi na ufagio peke yake. Huamuliwa siku ya kupima msingi: maji yatateremkia wapi, mafuta machafu yatakaa wapi, na kila spana itatundikwa wapi. Karakana ya nyumbani iko mita chache kutoka mahali watoto wanapolala na mifugo inapokunywa maji. Kosa la mpango hapo hulipwa na familia nzima.

HATUA YA 1: ARDHI NA KIBALI

Sehemu kubwa ya ardhi ya Garbatulla ni ardhi ya jamii. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, mwenye ploti ahakikishe kwamba nyaraka za ugavi ziko sawa, kwamba mipaka inajulikana na majirani, na kwamba ujenzi hauingii kwenye hifadhi ya barabara. Jengo lililo ndani ya hifadhi ya barabara linaweza kubomolewa, hata likiwa zuri namna gani.

Baada ya hapo ni kibali cha ujenzi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza mtu kuendeleza ardhi bila idhini ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inamlinda mwombaji: asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Ndiyo maana ombi linafaa kuwasilishwa kwa maandishi, na nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe ihifadhiwe vizuri.

Karakana itakapoanza kupokea wateja itahitaji pia leseni ya biashara ya kaunti. Na ikiajiri watu, itahitaji kusajiliwa kama mahali pa kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

HATUA YA 2: MAHALI NA UKUBWA

Jengo liwekwe angalau mita 6 kutoka nyumba ya kulala, jiko la kuni au makaa na zizi. Nafasi hiyo huzuia cheche na moshi kufika nyumbani, na huacha njia ya watu kukimbilia moto ukizuka. Lisijengwe kwenye mkondo wa laga, hata kama laga hiyo haijateremka kwa miaka mingi. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, zilizokata barabara nyingi za kaskazini, zilionyesha kwamba maji huikumbuka njia yake ya zamani.

Kulamawe iko karibu sana na ikweta. Jua hupita karibu na utosi, likichomoza mashariki na kutua magharibi. Kuta ndefu na milango mikubwa zielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi mashariki na magharibi. Mlango mkubwa unaotazama magharibi hugeuza karakana kuwa tanuri kuanzia saa nane alasiri, wakati ambapo fundi bado ana kazi ya saa tatu mbele yake.

Kuhusu ukubwa, hesabu ianzie kwenye gari. Land Cruiser ya kawaida ya barabara hizi ina urefu wa mita 5 na kitu, na upana wa karibu mita 1.8. Fundi anahitaji kufungua milango yote na kuzunguka pande zote akiwa na toroli ya vifaa. Nafasi ya mita 4 kwa mita 7 kwa kila gari inatosha. Magari matatu kwa pamoja yanahitaji upana wa mita 12. Ukiongeza mita 2 nyuma kwa meza ya kazi na rafu, unapata jengo la mita 12 kwa mita 9, yaani mita za mraba 108. Asiye na uwezo wa kujenga yote ajenge nafasi moja kwanza, lakini apime na kuchora zote tatu tangu mwanzo, ili atakapoongeza asibomoe ukuta.

Milango iwe na upana wa mita 3 au zaidi na urefu wa mita 3.5, kwa sababu magari ya safari ndefu hubeba mizigo juu ya keria.

HATUA YA 3: MSINGI NA SAKAFU

Jina la Kulamawe lina neno la kumfaa mjenzi. Mawe meusi yaliyotokana na volkano za zamani za Nyambene ni magumu na yanafaa sana kujazia msingi. Tatizo huwa ni sehemu zenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Udongo huo uchimbwe wote hadi ardhi ngumu, kisha pajazwe mawe na changarawe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa. Sakafu ijengwe juu ya usawa wa uwanja kwa angalau sentimita 30.

Juu ya mawe yaliyoshindiliwa huja mchanga mwembamba, kisha nailoni nene ya kuzuia unyevu, kisha wavu wa chuma, kisha zege. Kabla ya kujaza msingi, dawa ya mchwa inyunyizwe na mtu anayejua vipimo vyake. Kumwaga mafuta machafu ya injini kwenye msingi ili kufukuza mchwa ni desturi mbaya: mafuta hayo huingia ardhini na kubaki huko.

Sakafu ya magari ya kawaida iwe na unene wa sentimita 12.5. Kwa mita za mraba 108 hiyo ni zege ya mita 13.5 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo huhitaji takriban mifuko 6.4 ya saruji ya kilo 50. Jumla ni kama mifuko 86, pamoja na mchanga wa takriban mita 6 za ujazo na kokoto mita 12. Hesabu hii inamwezesha mwenye jengo kujua mapema kama bei anayoambiwa na kontrakta ina ukweli. Panapotarajiwa malori mazito, unene uongezwe hadi sentimita 15 au zaidi, kwa ushauri wa mhandisi.

Joto ndilo adui wa zege katika eneo hili. Zege imwagwe alfajiri au jioni, na ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Imwagiliwe maji kila siku kwa angalau siku 7, na ikiwezekana 14. Zege inayokauka upesi hupasuka, na kila ufa kwenye sakafu ya karakana ni mfereji wa mafuta. Gari lisiingizwe kabla ya siku 28.

Kumbuka mteremko. Sakafu iteremke sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea mfereji ulio mlangoni. Kwa urefu wa mita 7 hiyo ni sentimita 7 tu. Jicho halioni, lakini maji yanaona.

HATUA YA 4: MFEREJI NA MAFUTA MACHAFU

Hapa ndipo karakana nyingi za nyumbani huharibikiwa. Fundi humwaga oili ya zamani nyuma ya ua, na maji ya kuoshea injini huachwa yajitafutie njia. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema mafuta ya injini yanayotolewa katika gari moja tu yanaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Katika eneo ambalo watu na mifugo hutegemea visima na mabwawa, hilo si jambo la kusubiri afisa wa mazingira aje kusema.

Njia ya kujikinga ni rahisi. Mfereji wa sakafuni upeleke maji kwenye shimo la zege lenye vyumba viwili au vitatu. Mafuta huelea juu ya maji. Kwa hiyo bomba linalounganisha chumba cha kwanza na cha pili huanzia chini, karibu na sakafu ya shimo, ili maji yapite na mafuta yabaki juu ya chumba cha kwanza. Kila wiki mafuta hayo huchotwa na kuwekwa kwenye pipa.

Pipa nalo lina mahali pake. Pipa la lita 200 liwekwe chini ya paa, ndani ya beseni la zege linaloweza kushika zaidi ya ujazo wake likipasuka. Beseni la mita 1.2 kwa mita 1.2, lenye kingo za sentimita 16, hushika lita 230. Pipa likijaa, likabidhiwe msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA. Mafuta hayo yasimwagwe barabarani kuzuia vumbi, yasipakwe ng'ombe wala ngamia, na yasitumiwe kuwashia jiko.

Maji ya rejeta yenye rangi nayo yana hatari yake. Aina nyingi zina kemikali ya ethilini glikoli, ambayo ina ladha tamu na ni sumu. Mbuzi au mbwa akiyakuta kwenye kidimbwi atayanywa. Yakusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kuandikwa jina.

Betri za zamani zina risasi na asidi. Wakenya wanakijua kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri iliwadhuru wakazi, watoto wakiwemo. Mnamo Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Karakana si kiwanda, lakini fundi anayevunja betri nyumbani ili atoe risasi analeta sumu ile ile uani kwake. Betri ihifadhiwe nzima, imesimama, na iuzwe kwa mnunuzi mwenye leseni.

HATUA YA 5: PAA, HEWA NA UMEME

Mabati ya geji 28 ni mazito kuliko ya geji 30 na hustahimili upepo zaidi. Watu wengine hudhani namba kubwa ni bati nene, kumbe ni kinyume. Kenchi za chuma zifungwe kwenye nguzo kwa bolti, na mabati yafungwe kwa skrubu zenye mpira, kwa sababu upepo wa nyanda hizi hung'oa paa lililopigiliwa misumari tu. Rangi nyeupe au hafifu hurudisha joto nyuma. Kila baada ya mabati manne hadi matano liwekwe moja la kupitisha mwanga. Chini ya paa, pande mbili zinazotazamana ziachwe na matundu yenye wavu ili hewa ya joto itoke.

Paa hilo pia ni chanzo cha maji. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 108 ni lita 1,080. Hata theluthi moja ikipotea, zaidi ya lita 700 zitaingia tangini kutokana na mvua moja ya jioni. Hayo ndiyo maji ya kuoshea vifaa na mikono, bila kugusa foleni ya kisima.

Umeme ufungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Soketi ziwe mita 1.2 juu ya sakafu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini. Kwa sababu hiyo hiyo, shimo la kukagulia gari lisichimbwe bila njia ya kupitisha hewa. Jukwaa la chuma la kupandishia gari ni salama zaidi. Liwekwe swichi ya RCD, inayokata umeme haraka unapovuja. Ardhi kavu yenye mawe hupitisha umeme vibaya, hivyo waya wa athi upimwe kwa mashine, usiishie kuzikwa tu na kusahaulika. Mfumo mdogo wa sola unatosha taa na kuchaji simu. Mashine ya kuchomelea inahitaji laini kamili au jenereta, nayo jenereta ikae nje, mbali na madirisha ya nyumba.

Mitungi ya gesi ya kukatia chuma isimame wima, ifungwe kwa mnyororo, na ikae kivulini nje ya ukuta. Mikono au tambara lenye grisi lisiguse valvu ya oksijeni, kwani mafuta yakikutana na oksijeni ya shinikizo yanaweza kulipuka. Karibu na kila mlango pawe na kizimamoto cha unga na ndoo ya mchanga. Moto wa mafuta haumwagiwi maji.

HATUA YA 6: KUMALIZIA

Ukuta upigwe plasta na kupakwa rangi ya mafuta iliyokolea hadi mita 1.2, ambapo mikono hugusa, kisha rangi nyeupe juu ili mwanga uenee. Sakafu ilainishwe lakini isiteleze. Ikishakauka vizuri, mistari ya njano ichorwe kuonyesha gari linasimama wapi na watu wanapita wapi. Meza ya kazi iwe ya chuma na mbao nzito, yenye kimo cha kiuno cha fundi, na jiliwa ifungwe pembeni mwake.

Nyuma ya meza utundikwe ubao wa vifaa. Umbo la kila spana, nyundo na bisibisi lichorwe kwa rangi pale linapotundikwa. Jioni, nafasi iliyo wazi husema yenyewe kifaa gani hakijarudi. Fundi anayefungua injini akiwa na ubao kama huo hawezi kusahau spana juu ya injini ya mteja.

Hospitali za Tanzania zimetumia mpango wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, na hatua zake tano zikapewa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Zinafaa karakana pia. Sasambua ni kuondoa kisichotumika, kama vipuri vilivyokufa vinavyowekwa kwa matumaini. Seti ni kukipa kila kitu mahali pake. Safisha ni kufagia na kufuta mafuta kila siku, kwa vumbi la mbao au mchanga, si kwa petroli. Sanifisha ni kuandika utaratibu ukutani ili hata mwanafunzi mpya aufuate. Shikilia ni kuendelea hivyo hata siku ambayo bosi hayupo.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kabla ya kuita fundi wa ujenzi, mwenye ploti akae na familia yake wajibu maswali haya:

1. Je, nyaraka za ardhi na kibali cha ujenzi viko mkononi, kwa maandishi?
2. Je, mvua kubwa ikinyesha leo usiku, maji yatapita wapi?
3. Je, pipa la mafuta likipasuka, mafuta yataishia wapi?
4. Je, moto ukizuka mlangoni, aliye ndani atatokea wapi?
5. Je, mtoto wa miaka minne akiingia karakana bila kuonekana, ni kitu gani cha kwanza atakachokishika?

Swali la tano ndilo wengi hulisahau, na ndilo linaloamua kama uzio na komeo viwe sehemu ya mpango au nyongeza ya baadaye. Jibu likiwa betri, kisu cha greenda au mtungi wa maji ya rejeta, mchoro urudiwe. Kufuta mstari kwenye karatasi hakuhitaji saruji.

Wakazi wanaotaka kujenga wanashauriwa kufika katika ofisi ya mipango ya kaunti wakiwa na nakala za nyaraka za ardhi na mchoro, hata wa penseli. Mafundi waliojifunzia kazini bila cheti wanaweza pia kuuliza kuhusu mitihani ya ufundi ya NITA, ili siku karakana itakapokamilika, cheti nacho kitundikwe ukutani kando ya ubao wa spana.